Kugandisha Rezini kwa Mwanga: Pima, Usibahatishe

Anayewekewa kucha za jeli saluni huingiza vidole kwenye kitaa cha zambarau, na muda mfupi baadaye kilichokuwa majimaji kimekuwa kigumu. Daktari wa meno anayeziba jino kwa ule ujazo mweupe naye hufanya hivyo hivyo, kwa kifaa chake chenye mwanga wa bluu. Printa ya rezini, ile inayochomoa umbo tabaka kwa tabaka kutoka kwenye beseni la majimaji, inarudia tendo hilo mara elfu moja au mbili katika usiku mmoja. Kemia ya wote watatu ni ya ukoo mmoja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye printa ndogo ya rezini, au mwanafunzi aliyepewa taa na chupa maabara akaambiwa atengeneze kitu. Swali la kwanza la kila anayeanza ni "niweke sekunde ngapi?", na jibu analopewa huwa ni sekunde za mtu mwingine, mwenye skrini nyingine (kile kioo cha chini ya beseni kinachopitisha mwanga), joto lingine na rezini ya rangi nyingine. Mimi sioni haja ya kuazima. Rezini yoyote inayogandishwa kwa mwanga ina namba mbili zinazoieleza karibu yote unayohitaji kujua, na namba hizo unaweza kuzipata kwa kipande cha kioo, kipimio cha unene na kikokotoo cha shuleni. Ukiwa nazo unaweza kuchapa kifaa chenye mifereji myembamba kuliko njiti ya kiberiti, kutengeneza haidrojeli (jeli iliyojaa maji), hata kufikiria kauri.

Kinachotokea ndani ya beseni

Ndani ya chupa ya rezini kuna, kwanza, monoma na oligoma, yaani molekuli fupi ambazo kwenye rezini nyingi za bei ya kawaida ni za jamii ya akrilati. Pili kuna kianzishi, kemikali ya kiasi kidogo tu, ambayo ikifyonza mwanga wa rangi inayoifaa hupasuka na kuacha radikali huru. Radikali hudaka akrilati iliyo jirani, hiyo hudaka inayofuata, na mnyororo unarefuka kwa kasi. Kwa kuwa molekuli nyingi humo zina ncha mbili au zaidi za kushikia, minyororo hufungamana ikawa wavu. Ndiyo maana rezini ikishaiva haiyeyuki tena: ukiipasha moto italainika, ukizidisha itaungua. Tatu kuna rangi, na usiidharau, kwani kazi yake kubwa si urembo. Inazuia mwanga usipenye mbali.

Rangi ya mwanga na kianzishi lazima vipatane. Printa nyingi za mezani hutoa mwanga wa nanomita 405, zambarau iliyo mpakani mwa urujuanimno, na vianzishi viitwavyo TPO na BAPO hufyonza hapo. Kamforikinoni wanayotumia madaktari wa meno hufyonza zaidi karibu na nanomita 468, kwa hiyo taa yao ni ya bluu. Ukimulika kianzishi kwa rangi kisichoifyonza, hata umulike mpaka kesho, utabaki na majimaji.

Mhusika wa nne hatajwi kwenye lebo: oksijeni. Imeyeyuka ndani ya rezini, na inadaka radikali kabla hazijaanza mnyororo. Mpaka ile iliyopo mahali hapo iishe, hakuna kinachoganda. Hilo ndilo chanzo kikubwa cha kuwepo kiwango cha chini cha mwanga, ambacho usipokivuka hupati kitu. Ndilo pia linalofanya uso wa kitu kilichoivia hewani ubaki unanata, na pale saluni wafute kucha kwa spiriti mwishoni. Mwaka 2015 Joseph DeSimone na wenzake wa kampuni ya Carbon walilitumia tatizo hilo kwa faida: walitandaza chini ya beseni kidirisha kinachopitisha oksijeni, tabaka jembamba la chini likabaki majimaji muda wote, na umbo likavutwa juu bila kusimama kila tabaka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Nicéphore Niépce alipaka lami kwenye bamba la metali akaliacha ndani ya kamera. Palipopigwa na mwanga lami ikagoma kuyeyuka, palipobaki gizani ikaoshwa kwa mafuta ya lavenda, na picha ya kamera ya kale kuliko zote zilizosalia, ya mwaka 1826 au 1827, ikapatikana hivyo. Hideo Kodama wa Nagoya, Japani, alieleza mwaka 1981 namna ya kujenga umbo kwa kugandisha tabaka juu ya tabaka, na Chuck Hull wa Marekani akaomba hataza yake mwaka 1984, akapewa 1986.

Kabla hujafungua chupa

Sehemu hii watu huiruka, kisha huirudia ngozi ikishaanza kuwasha. Akrilati mbichi husababisha mzio wa ngozi, na mwili ukishajifunza kuikataa kemikali hiyo, hausahau. Unaweza kugusa rezini miezi mingi bila dalili, halafu siku moja vidole vikavimba, na tangu hapo hata tone dogo likawa taabu. Mzio huo unaweza kukufuata hadi kwa daktari wa meno na saluni, kwa sababu vitu vya ukoo huo vipo kote huko.

Vaa glavu za nitrili. Za mpira wa kawaida hazifai, akrilati hupenya. Glavu ikirukiwa na rezini, ivue uvae nyingine, usiifute ukaendelea. Vaa miwani ya kinga unapomimina na unapobandua vipande. Rezini ikikudondokea, osha kwa maji mengi na sabuni, wala usikimbilie spiriti, kwani inaiyeyusha na kuisambaza kwenye ngozi. Chumba kiwe na hewa inayopita, na printa isikae chumba cha kulala.

Kuhusu TPO, Umoja wa Ulaya umekiweka kwenye kundi la kemikali zinazodhaniwa kudhuru uzazi, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umekipiga marufuku kwenye vipodozi, jeli za kucha zikiwemo. Kwenye rezini za printa bado utakikuta. Muombe muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa. Asiye nayo, tafuta mwingine.

Hatari kubwa ya ghafla haitoki kwenye rezini. Inatoka kwenye pombe ya isopropili ya kuoshea. Ikiwa safi huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi joto 12 tu, kwa hiyo mahali pengi Afrika Mashariki iko tayari kuwaka saa yoyote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Jiko la mkaa, jiko la gesi, sigara, pasi: vyote mbali.

Hatua ya kwanza: chumba na joto

Fanya kazi mbali na dirisha. Jua lina mwanga mwingi wa kugandisha rezini, na beseni lililoachwa wazi karibu na dirisha kwa dakika chache huota utando juu. Kama huna chumba cha ndani, bandika plastiki ya chungwa au ya manjano iliyokolea kwenye kioo. Taa za kawaida za LED za nyumbani hazina madhara ya haraka, ila usiache rezini chini yake siku nzima.

Joto la nyuzi 20 hadi 30 linafaa rezini nyingi. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hutahangaika. Asubuhi ya Julai Nairobi, Arusha au Mbeya rezini huwa nzito, haitiririki kujaza nafasi chini ya bamba linaloshika umbo, na matabaka yanashindwa kushikana. Weka chupa iliyofungwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda, kisha itikise vizuri, maana rangi hutuama chini. Rezini isiyotikiswa inakupa namba za uongo, na sehemu yote inayofuata inategemea namba.

Kama umeme wa kwenu hukatika, weka UPS. Si kila printa huendelea pale ilipoishia, na hata inayoendelea huacha mstari kwenye umbo.

Hatua ya pili: vipande vya majaribio

Unahitaji kioo chembamba safi (vile vioo vya hadubini vinafaa sana), kipande cha filamu ya plastiki ya aina ile ile iliyo chini ya beseni lako, kipimio cha unene, tishu, na rezini mililita chache. Kalipa ya kidijitali inatosha kwa kuanzia, lakini maikromita ya skrubu, ile ya somo la fizikia, ni bora zaidi, kwa kuwa tunapima sehemu za milimita.

Ondoa beseni kwenye printa. Weka kioo juu ya skrini, filamu juu ya kioo, kisha mimina rezini kidogo juu ya filamu ifanye dimbwi la milimita 3 au 4. Usiache tone liguse skrini yenyewe. Zungushia kingo za utepe wa gundi kama unaona itatambaa. Filamu ipo kwa sababu inapitisha oksijeni kama ile ya kwenye beseni, na namba utakazopata zitafanana na hali halisi kuliko za kioo kitupu.

Tumia ile programu ya printa ya kujaribu taa, inayowasha mstatili mmoja. Mulika sekunde 2. Inua filamu, mwaga rezini iliyobaki majimaji, futa taratibu kwa tishu. Utaona kijibamba chembamba kimebaki. Weka rezini mpya, rudia kwa sekunde 4, kisha 8, kisha 16. Mahali pa kumulika pawe pale pale kila mara, kwa sababu skrini haina mwangaza sawa katikati na pembeni.

Vijibamba vya sekunde chache ni laini kama ngozi ya maziwa na kipimio kitavibonyeza. Vimulike tena kidogo *baada* ya kuvifuta ili vikaze, ndipo uvipime. Rezini iliyokwisha kufutwa haiwezi kuongeza unene. Pima sehemu tatu za kila kijibamba uchukue wastani.

Hatua ya tatu: hesabu

Mwanga unapopenya ndani ya rezini hupungua kwa uwiano ule ule kila unapokwenda kiasi kile kile cha kina. Kina ambacho mwanga unabaki asilimia 37 hivi ya ule ulioingia huitwa Dp. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Ya pili ni kiasi kidogo kabisa cha mwanga kinachofanya rezini ianze kuganda. Vitabu hukiandika kwa milijuli kwa sentimita ya mraba na kukiita Ec, lakini sisi hatuna kipima mwanga, kwa hiyo tutakiandika kwa sekunde za taa yetu na kukiita tc. Kanuni inayoviunganisha, ambayo Paul Jacobs aliieneza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni hii:

kina cha mgando = Dp × ln(muda ÷ tc)

Hapa ln ni logi asilia, ipo kwenye kikokotoo, na e kwa kipeo ni kinyume chake. Ukiitazama kanuni vizuri utaona kwa nini tulimulika kwa kuongeza mara mbili. Kila muda unapoongezwa mara mbili, unene unaongezeka kwa kiasi kile kile, yaani Dp × 0.693. Hivyo huhitaji kujua nguvu ya taa kupata Dp.

Tuseme umepata unene huu kwa mikromita (elfu moja hufanya milimita): sekunde 2, 30; sekunde 4, 130; sekunde 8, 240; sekunde 16, 340. Ongezeko ni 100, 110 na 100, wastani 103. Gawanya kwa 0.693: Dp ni karibu mikromita 149. Sasa chukua kijibamba cha sekunde 8. Unene wake 240 ukigawanywa kwa 149 ni 1.61, na e kwa kipeo cha 1.61 ni 5. Sekunde 8 gawanya kwa 5 ni 1.6. Basi tc ni sekunde 1.6: chini ya hapo, skrini hiyo haigandishi rezini hiyo hata ukaiombea dua.

Kama maongezeko yanatofautiana sana, usiendelee. Kuna kitu kimoja kati ya hivi: rezini haikutikiswa, taa inachelewa kufikia nguvu yake kamili, au kijibamba kilibonyea kwenye kipimio. Rudia vipimo.

Hatua ya nne: muda wa tabaka

Tabaka la mikromita 50 haliwezi kumulikwa kwa muda wa kugandisha mikromita 50 tu, kwa kuwa halitashikana na lililotangulia. Anza na kina cha mara mbili ya unene wa tabaka, hapa mikromita 100. Igeuze kanuni:

muda = tc × e^(kina ÷ Dp)

Kwa rezini yetu ni 1.6 × e^0.67, karibu sekunde 3.1. Hapo ndipo pa kuanzia. Umbo likitoka dhaifu au matabaka yakiachana, lenga kina cha 150, utapata sekunde 4.4. Matabaka manne hadi sita ya kwanza, yale yanayoshika bamba la juu, yape sekunde 20 hadi 40 bila hesabu nyingi. Kazi yake ni kung'ang'ania tu.

Watu wengi wakiona umbo limeanguka ndani ya beseni huongeza sekunde kwenye matabaka yote. Mara nyingi kosa ni la bamba lisilosawazishwa au nguzo chache za kushikilia, na sekunde za ziada huficha tatizo huku zikiziba kila tundu dogo. Angalia bamba kwanza.

Hatua ya tano: matundu na mifereji

Hapa ndipo zile namba mbili zinapolipa. Ukichapa kifaa chenye mfereji ndani yake, kama vile vifaa vidogo vya kupitishia matone ya damu au kemikali, dari ya mfereji inamulikwa, na mwanga uliobaki unapenya dari na kuingia kwenye rezini iliyokaa ndani ya mfereji. Tabaka linalofuata linapeleka mwanga mwingine kidogo, na lingine, na lingine. Yote yanajumlishwa.

Kwa Dp ya 149 na tabaka la 50, kila tabaka linapitisha asilimia 71.5 ya mwanga. Ukijumlisha matabaka yote yanayofuata, rezini iliyo jirani na dari inapata mara 2.5 ya mwanga wa tabaka moja. Ukiiweka kwenye kanuni kwa muda wetu wa sekunde 3.1, mgando unaingia ndani ya mfereji mikromita 237 hivi. Mfereji uliochora uwe na kimo cha nusu milimita unatoka ukiwa robo milimita, na wa robo milimita unabaki na uwazi wa unywele au unaziba kabisa. Hesabu hii ni ya hali mbaya kabisa, kwani oksijeni hurudi kidogo kati ya tabaka na tabaka, lakini inakuonyesha kwa nini kupunguza sekunde peke yake hakutakusaidia sana.

Dawa ni kushusha Dp, yaani kuongeza rangi inayofyonza nanomita 405. Tuseme umeishusha hadi 50. Rangi ya ziada haibadilishi sana tc, kwa hiyo tuiache 1.6. Muda wa kugandisha mikromita 100 unapanda hadi sekunde 11.8, karibu mara nne. Ila mgando unaovuja ndani ya mfereji unashuka kutoka 237 hadi karibu mikromita 73. Unalipa muda, unapata mfereji. Rezini ya kuchapia sanamu haina haja ya gharama hiyo. Ya vifaa vya maabara haina njia nyingine.

Usishushe Dp chini ya unene wa tabaka lako. Upande wa tabaka ulio karibu na taa utaiva sana na wa mbali utabaki nusu mbichi, na umbo litabanduka kama chapati iliyokunjwa kwa mafuta mengi.

Hatua ya sita: kuosha

Osha mara mbili, chombo cha kwanza kwa isopropili iliyokwisha kutumika, cha pili kwa safi, dakika 2 au 3 kila kimoja. Kukiacha kipande humo nusu saa ni kukiharibu: pombe inaingia kwenye wavu ambao haujafungamana vizuri, kipande kinavimba, na kikikauka kinapasuka. Mifereji isukumie pombe kwa sindano isiyo na ncha, tena mara moja, kabla rezini iliyomo haijaanza kunata. Acha kipande kikauke kabisa hewani kabla ya kukirudisha kwenye mwanga. Kikionekana kinang'aa kama kimelowa na huku ni kikavu, bado kina rezini mbichi. Kirudishe kwenye chombo cha pili.

Pombe chafu na maji yenye rezini havimwagwi kwenye sinki wala kwenye mtaro. Rezini mbichi ni sumu kwa viumbe wa majini. Weka chombo cha kioo au cha plastiki angavu juani, kifuniko kikiwa kimefungwa. Rezini itaganda na kutuama, uchuje, pombe uitumie tena kwa kuoshea mara ya kwanza. Tishu na glavu zilizochafuka zianike juani mpaka ziwe ngumu ndipo zitupwe.

Hatua ya saba: kuivisha mara ya pili

Kipande kinachotoka kwenye printa hakijaiva. Kadiri rezini inavyokuwa ngumu, molekuli zilizobaki zinakosa nafasi ya kukutana, na mmenyuko unajizima wenyewe huku akrilati nyingi zikiwa bado mbichi. Mwanga zaidi peke yake unasaidia kidogo. Joto ndilo linalozipa nafasi ya kusogea. Kwa hiyo vifaa vizuri vya kuivishia huwa na taa ya nanomita 405 pamoja na joto la nyuzi 60 hivi, na kwa rezini nyingi tofauti ya ugumu kati ya kipande kilichopata joto na ambacho hakikupata unaisikia hata kwa kukigonga kwa ukucha.

Kama uso unabaki unanata, zamisha kipande kwenye chombo cha kioo chenye maji, kisha mulika. Maji yanaizuia oksijeni ya hewani isikifikie. Jua nalo linaivisha, na jua la kwetu lina nguvu, ila linapiga upande mmoja: geuza kila dakika chache, vinginevyo upande ulioiva kwanza utasinyaa na kukivuta kipande kipinde. Akrilati husinyaa inapoganda kwa sababu molekuli zilizokuwa zimeachana sasa zimeshikana, na hakuna mpangilio wa printa utakaoliondoa hilo. Rezini za jamii ya epoksi hazisinyai sana kama akrilati na hazijali oksijeni, lakini ni za polepole na hazipendi unyevu.

Kutoka plastiki hadi haidrojeli

Haidrojeli ni wavu wa polima uliojaa maji, na watafiti wanaitumia kuotesha seli, kufunika vidonda, kupitisha dawa. Kwa mwenye maabara ya chuo ni rahisi kuliko inavyosikika. Kwa mililita 10 chukua gramu 2 za PEGDA (akrilati inayoyeyuka kwenye maji) yenye uzito wa molekuli 700 na miligramu 30 za kianzishi kiitwacho LAP, ambacho sifa yake ni kuyeyuka kwenye maji na kufyonza bado kwenye nanomita 405. Yeyusha LAP kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya chupa iliyofungwa karatasi ya alumini, ongeza PEGDA, jaza maji hadi mililita 10.

Mchanganyiko huu hauna rangi, na Dp yake ni zaidi ya sentimita. Kwa kumimina kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa milimita 1 na kumulika, ni vizuri sana: jeli inaiva sawasawa toka juu hadi chini. Anza na sekunde 30. Kwa kuchapa tabaka kwa tabaka haifai kabisa, kwani tabaka la kwanza tu lingegandisha beseni zima.

Mwaka 2019 kikundi cha Jordan Miller wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, pamoja na wenzake, kilionyesha haidrojeli iliyochapwa ikiwa na mishipa iliyozunguka kifuko cha hewa mithili ya pafu. Rangi waliyotumia kuzuia mwanga ilikuwa tartrazini, rangi ya chakula inayoandikwa E102. Gramu 1 hivi kwa lita inaishusha Dp hadi jirani na mikromita 100, na baada ya kuchapa inatoka yenyewe jeli ikilowekwa kwenye maji.

Msomaji wa pwani ameshaitambua. Rangi ya unga ya njano ya biriani, ikiwa lebo yake inataja E102, ina kitu hicho hicho. Ya dukani huja na chumvi au vijazio, pengine na rangi nyingine, kwa hiyo uzito wake usiufuate kama wa kemikali safi. Ongeza kidogo, tengeneza vijibamba vinne vya sekunde zinazoongezeka mara mbili, kokotoa Dp, ongeza tena mpaka ufike unapotaka. Kwa mazoezi inatosha. Kwa chochote kitakachokutana na seli hai, nunua iliyo safi, na kwa chochote cha kuingia mwilini, hii si njia.

Jeli ikishaiva iloweke usiku kucha kabla ya kuipima urefu, maana itavimba.

Kauri nazo hutengenezwa kwa njia hii: unga laini wa alumina unachanganywa na rezini mpaka ufikie karibu nusu ya ujazo, unachapwa, kisha rezini inachomwa polepole sana ili isipasue kipande, na kilichobaki kinaokwa kwenye zaidi ya nyuzi 1500 mpaka kishikane, kikisinyaa asilimia 15 hadi 20 kwa kila upande. Bila tanuri la joto hilo usianze. Ukianza, jua kwamba chembe za unga hutawanya mwanga pembeni, kwa hiyo kando za umbo hunenepa hata Dp ikiwa fupi, na kipimo cha vijibamba kikuhesabie upana pia, si unene tu.

Lini upime tena

Dp inategemea rezini na rangi ya mwanga, haitegemei nguvu ya taa. tc inategemea vyote. Skrini ya LCD hufifia kwa matumizi, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa ya kazi, au ukibadilisha skrini, au ukihamia printa nyingine ya nanomita 405, huna haja ya kurudia vijibamba vyote vinne. Kimoja cha sekunde 8 kinatosha. Kikitoka na mikromita 200 badala ya zile 240 za mwanzo, gawanya 200 kwa 149 upate 1.34, e kwa kipeo hicho ni 3.8, sekunde 8 gawanya kwa 3.8 ni 2.1. Hiyo ndiyo tc mpya, na muda wa tabaka lako la mikromita 50 unapanda kutoka sekunde 3.1 hadi 4.1.